Maisha ya Mwami Kigeli Rwabugiri na Nguvu za Majeshi Yake

Kila mwaka madarasa ya juu yanapomaliza somo la historia ya dunia ya kale, mabishano hayakosekani. Huyu husema hakuna jeshi lililopata kulishinda lile la Warumi. Yule humshika Alexander wa Makedonia. Wa tatu huwataja Waajemi na wingi wao. Na mwingine huja na Shaka wa Wazulu. Hesabu hutolewa, hawa watu elfu hamsini, wale watu laki moja, na mwenye hesabu kubwa hudhani ameshinda. Mimi sipendezwi sana na mashindano ya namna hiyo, maana ng'ombe mia waliotawanyika mlimani bado si kundi. Tena naona ajabu kwamba katika maneno yote hayo hatumtaji mtu ambaye majeshi yake yalipita katika nchi hii yetu ya Bugoyi, wakayavuka maji ya Ziwa Kivu mbele ya macho ya mababu wa mababu zetu. Namsema Mwami Kigeli wa Nne Rwabugiri, aliyekufa mwaka 1895.

Labda mtu atasema kwamba Rwabugiri si wa kale, kwani wakati wake gari moshi na simu ya waya vilikwisha kuwako Ulaya. Ni kweli. Walakini jeshi lake lilipigana kwa mkuki, upinde, upanga na ngao, silaha zile zile za Waajemi na Warumi, na watu wake walikwenda vitani kwa miguu yao wenyewe. Kwa hiyo yafaa kupimwa pamoja na wale wa kale, wala si kwa upendeleo.

Kwanza nisimulie alivyokuja kutawala. Wafalme wa Rwanda hawakujichagulia majina ya enzi. Majina yalikwenda kwa zamu, na kila jina lilikuwa na kazi yake: Mutara na Cyirima walikuwa wafalme wa ng'ombe, Yuhi alikuwa mfalme wa moto, na Kigeli na Mibambwe walikuwa wafalme wa vita. Baba yake Rwabugiri aliitwa Mutara Rwogera, na katika enzi yake nchi ya Gisaka, upande wa mashariki, ilitekwa. Mtoto alipewa jina la Kigeli, jina alilokuwa nalo Kigeli Ndabarasa aliyepigana na Ndorwa katika karne ya 18. Basi hata kabla hajashika mkuki, kazi yake ilikwisha kutajwa. Wanahistoria wengine huhesabu enzi yake tangu mwaka 1853, wengine tangu mwaka 1867. Wote wakubali kwamba alikuwa bado kijana alipotawazwa.

Kwa desturi ya Rwanda, Mwami hakutawala peke yake. Alitawala pamoja na mama yake, umugabekazi, ambaye alikuwa na baraza lake na watu wake. Mama yake Rwabugiri alikuwa Murorunkwere. Fitina za wakuu zikamzunguka mama huyo mpaka akauawa. Mwanawe alipotambua jinsi mambo yalivyotendeka, alilipiza kisasi kwa wakuu wengi, hata kwa watu wa ukoo wake mwenyewe. Nadhani jambo hili yafaa tulikumbuke katika kila neno litakalofuata. Tangu hapo hakuna mkuu wa ukoo mkubwa aliyelala salama katika enzi yake. Leo ana vilima na makundi ya ng'ombe, kesho amenyang'anywa vyote. Mahali pao Mwami aliwainua watu ambao baba zao hawakuwa na jina, kwa sababu mtu wa namna hiyo hana pa kuegemea ila kwa aliyemwinua. Mmoja wao aliitwa Bisangwa. Tutakutana naye tena.

Sasa jeshi lenyewe. Katika Kinyarwanda neno ingabo maana yake ni ngao, na tena maana yake ni jeshi. Rwanda haikuwa na jeshi moja kama nchi za siku hizi, bali ilikuwa na majeshi mengi, kila moja na jina lake la kujisifu, na kila Mnyarwanda alizaliwa ndani ya jeshi la baba yake kama alivyozaliwa ndani ya ukoo wake. Si wote walioshika mkuki. Wengine walichukua mizigo na vyakula, wengine walichunga ng'ombe wa jeshi. Maana kila jeshi lilikuwa na makundi yake ya ng'ombe, na mkuu wa jeshi ndiye aliyewasemea watu wake walipokuwa na kesi mbele ya Mwami. Hivyo jeshi lilikuwa kambi, lilikuwa mali, na lilikuwa baraza la hukumu, yote kwa pamoja. Mtu aliyekaa mwendo wa siku tatu na jirani wa jeshi lake alimjua mkuu wake, na mkuu wake alimjua yeye.

Mwami mpya aliposhika enzi, aliunda jeshi jipya. Watu wa majeshi ya zamani walitoa wana wao, na vijana hao walikwenda kukaa kwa Mwami au kwa mkuu, wakaitwa intore, yaani waliochaguliwa. Walifundishwa kutupa mkuki, kupiga upinde, kujikinga kwa ngao, kukimbia na kuruka. Lakini hawakufundishwa hayo tu. Walifundishwa pia kusema. Kila kijana alitunga maneno ya kujitapa kwa matendo yake, akayasema kwa sauti mbele ya wenzake bila kusita, na aliyeshikwa na haya alichekwa. Na walicheza. Ngoma ya intore tunayoitazama siku za sikukuu, vijana wenye manyoya marefu kichwani wakirukaruka na mikuki, ilitoka katika mafunzo hayo hayo. Mtu akiitazama vizuri ataona ndani yake jinsi ya kumkwepa adui na jinsi ya kumsogelea.

Msomaji wa historia ya Uturuki atawakumbuka hapa wale askari wa Sultani walioitwa Janissaries. Nao walichukuliwa wangali vijana, wakalelewa karibu na mfalme, wakawa jeshi la kuogopwa katika Ulaya nzima. Lakini wale walitwaliwa kutoka nyumba za Wakristo, wakatengwa na baba na mama zao, wakabadilishwa dini. Mwisho wakawa kama taifa lao wenyewe ndani ya mji mkuu, hata mwaka 1826 Sultani Mahmud wa Pili akalazimika kuwapiga kwa mizinga ili awaondoe. Intore hakutengwa na nyumba yao. Alirudi kwa baba yake, akaoa, akafuga, na mwanawe akaingia jeshini baadaye. Kwa maoni yangu hii ni namna bora ya kufunga watu pamoja kuliko ile ya Uturuki, ingawa Waturuki walikuwa na bunduki na sisi hatukuwa nazo.

Jeshi la Rwabugiri mwenyewe liliitwa Ingangurarugo, ndilo lililomzunguka popote alipokwenda. Mkuu wake akawa yule Bisangwa niliyemtaja. Kwa mashujaa palikuwa na heshima zilizojulikana na watu wote: aliyeua maadui saba alivikwa umudende, wa kumi na wanne alipata bangili iitwayo impotore, na aliyefika ishirini na mmoja alifanyiwa sherehe kubwa iliyoitwa gucana uruti, yaani kuwasha mti wa mkuki. Warumi nao walikuwa na mataji yao ya majani kwa aliyewaokoa wenziwe. Kwao heshima kubwa ilikuwa kuokoa, kwetu ilikuwa kuhesabu waliouawa. Siwezi kusema kwamba hapo sisi tulikuwa bora.

Palikuwa na mambo mengine ambayo Mrumi asingeyaelewa. Kila safari ya vita ilikuwa na mkuu wake aliyeitwa umugaba, naye hakupigana. Alikaa kambini mahali pake, hakutakiwa kurudi nyuma hata hatua moja wakati vijana wanapigana, kwani iliaminiwa kwamba yeye akitikisika na vita vitatikisika. Tena palikuwa na umutabazi, mtu aliyekwenda kwa hiari kufa katika nchi ya adui, ili damu yake iliyomwagika kule iwape watu wake haki juu ya nchi ile. Twaweza kutabasamu leo. Lakini tufikiri moyo wa jeshi ambalo kila askari alijua kwamba mtu mkubwa, pengine mwana wa mfalme, amekwisha kukubali kufa kabla yake.

Rwabugiri hakuvumbua silaha mpya. Shaka, aliyeuawa na ndugu zake mwaka 1828, aliwapa Wazulu mkuki mfupi wa kuchomea karibu, akawapanga kwa marika. Rwabugiri alirithi majeshi na mikuki kutoka kwa baba zake. Alichokiongeza ni mwendo. Huyu hakukaa. Wafalme wa Uajemi walikuwa na Susa, Babylon, Ecbatana na Persepolis, wakahama kwa majira. Rwabugiri naye alijenga makao Rubengera juu ya Ziwa Kivu, akajenga Nyamasheke kusini ya ziwa, akajenga Sakara katika Gisaka upande ule mwingine kabisa wa nchi, akajenga na Kageyo, na mengine zaidi. Popote alipokaa, hapo palikuwa ikulu, na majeshi yalikuja huko na chakula kililetwa huko. Mkuu wa mbali aliyezoea kujifanya mfalme mdogo katika vilima vyake aliamka asubuhi akamkuta Mwami ni jirani yake. Kwa njia hii nchi iliyokuwa ikitii kwa midomo ilianza kutii kweli.

Naam, orodha ya vita vyake ni ndefu, wala sitaimaliza. Alikwenda kaskazini hata Ndorwa na ndani ya Nkore, nchi ambazo leo sehemu yake kubwa ni Uganda. Alikwenda mashariki akampiga Nsoro wa Bushubi, katika upande wa Ngara ya Tanzania ya leo. Alikwenda magharibi mara nyingi kupita zote, ng'ambo ya Rusizi na ng'ambo ya ziwa. Na kwa kuwa sisi tunaokaa upande huu tunaliona ziwa hilo, napenda kueleza kwa urefu vita vya Ijwi.

Kisiwa cha Ijwi kina urefu wa karibu kilomita 40, kimelala katikati ya Kivu, na siku ya hewa safi vilima vyake huonekana toka pwani yetu. Mfalme wake aliitwa Kabego. Kwa jeshi la Rwanda, lililozoea kupanda na kushuka milima, maji yalikuwa adui kabla ya adui. Mkuki hauna faida kwa mtu anayezama. Ngao kubwa inayomsaidia mtu mlimani humsumbua ndani ya mtumbwi. Tena wenye kujua ziwa, pepo zake na bandari zake, walikuwa ni wale wale wanaoshambuliwa.

Hapa namkumbuka Xerxes wa Uajemi. Mwaka 480 kabla ya Kristo alitaka kuwavusha watu wake mlango wa bahari wa Hellespont, akaunganisha mashua zikawa daraja. Dhoruba ikalivunja daraja la kwanza, akajenga jingine, akavuka. Lakini baadaye mashua zake zilishindwa huko Salamis na Wagiriki waliokuwa wachache, kwa sababu mahali pale palikuwa pembamba na Wagiriki walipajua. Wingi ukawa mzigo. Warumi nao, walipopigana na Carthage tangu mwaka 264 kabla ya Kristo, walikuwa watu wa nchi kavu, wakalazimika kujifunza bahari kwa kupoteza mashua nyingi sana na watu wengi sana.

Rwabugiri alijifunza kwa njia yake. Alikusanya mitumbwi na wapiga kasia wa kandokando ya ziwa, akajenga makao yake karibu na maji, akarudia. Mashambulizi ya kwanza hayakumpa kisiwa. Hakuacha. Lakini kilichomfungulia mlango si mitumbwi tu, bali ni ugomvi wa ndani ya nyumba ya Kabego. Mwana mmoja wa mfalme huyo, Nkundiye, alielekea upande wa Rwanda. Mwisho Kabego aliuawa, na Nkundiye akakaa Ijwi kama mtu wa Rwabugiri. Alikwenda vitani pamoja naye, akapewa heshima. Kisha yeye naye akaasi, akafuatwa, akauawa. Tangu hapo watu wa Mwami ndio waliotawala kisiwa.

Yafaa tujiulize watu wa Ijwi walionaje haya yote. Sisi husoma habari hizi kwa fahari, kwa sababu majina ya majeshi yaliyoshinda ni majina ya kwetu. Mwenzetu ambaye mababu zake ni wa ng'ambo, na wako wengi katika shule za pande hizi, alisikia kwa bibi yake habari hiyo hiyo ikiwa na migomba iliyokatwa na ng'ombe waliochukuliwa. Biashara ya ziwa ilikuwako kabla ya vita na iliendelea baada yake: watu wa ng'ambo walileta bangili za nyuzi ziitwazo ubutega, ambazo hapa Bugoyi zilitumika kama fedha, nao walichukua mifugo na vyakula. Ukoo mmoja uliweza kuwa na watu pande zote mbili za maji. Jeshi linapopita katikati ya ukoo wa namna hiyo, nani adui?

Wala asidhani mtu kwamba Rwabugiri alishinda daima. Burundi ya Mwami Mwezi Gisabo hakuiweza. Bushi, ng'ambo ya kusini ya ziwa, ilimpa pigo kubwa mahali panapoitwa Kanywiriri, ambako Wanyarwanda wengi waliangamia. Wabushi walikuwa na majeshi yaliyogawanyika chini ya wakuu mbalimbali. Kwa hesabu zetu za darasani wangepaswa kushindwa kwa urahisi. Hawakushindwa. Walikuwa kwao, walijua kila bonde, na Mwami wa Rwanda alipoondoka na jeshi lake nchi ilisimama tena nyuma yake kama nyasi baada ya kupita tembo.

Na nani aliyelipa gharama? Jeshi linalotembea lazima lile, na jeshi la Rwabugiri lilitembea miaka nenda miaka rudi. Ikulu ikihama, watu wa vilima vya hapo walijenga nyumba na nyua, wakabeba magogo, wakaleta maharagwe, mtama na pombe. Katika enzi yake ndipo uburetwa ulipoenea, kazi ya lazima kwa mkuu wa ardhi, nayo iliwaangukia wakulima, hasa wasiokuwa na ng'ombe wa kuwakinga. Watu waliihesabu kuwa dharau kuliko mzigo wowote, kwani mzigo wa vita una sifa, lakini kulima shamba la mwingine kwa sababu tu wewe ni mdogo hakuna sifa. Wakuu walioongezeka kwa sababu ya ushindi walitaka kulishwa wote. Mimi nakubali kwamba Rwabugiri aliiunganisha nchi. Lakini nchi iliyounganishwa kwa namna ile iliachiwa uchungu ambao haukwisha pamoja naye.

Karibu na mwaka 1891 likaja pigo lisilozuiwa na ngao: sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, ambao Wanyarwanda waliuita umuryamo. Ulipita Afrika ya Mashariki yote ukiwaangusha ng'ombe maelfu kwa maelfu. Tukikumbuka kwamba kila jeshi la Rwanda lilifungwa pamoja na makundi yake ya ng'ombe, tutaelewa kwamba ugonjwa huo ulikuwa kama moto ndani ya ghala ya jeshi. Hata hivyo Mwami hakuacha safari zake. Labda ndiyo sababu hakuziacha, kwani ng'ombe wa kuwagawia watu wake sasa wangepatikana kwa jirani tu.

Nimefika kwenye habari ya bunduki, ambayo kwangu ndiyo ngumu kuihukumu. Katika siku zile zile Mirambo wa Unyamwezi, aliyekufa mwaka 1884, alikuwa na askari wake ruga-ruga wenye bunduki. Mutesa wa Buganda naye alinunua bunduki kwa wafanya biashara wa pwani. Rwabugiri alijua habari hizo, maana wafanya biashara walikuwa karibu, huko Karagwe. Lakini Rwanda iliwafungia mlango. Wageni wa pwani hawakuruhusiwa kupita na kukaa watakavyo. Kwa hiyo majeshi yake yalibaki na mikuki. Wengi husema hilo lilikuwa kosa la mfalme asiyejua dunia. Walakini bunduki zililipwa kwa nini? Kwa pembe za ndovu, na kwa watu. Nchi kadha wa kadha za jirani zilizofungua mlango zilipata bunduki, na pamoja nazo zilipata misafara ya watumwa. Mlango uliofungwa uliiacha Rwanda bila bunduki, na ulizuia pia balaa hiyo kuingia kwa nguvu kama ilivyoingia kwingine. Kama ningekuwa katika baraza lake, sijui ningempa shauri gani.

Pengine shauri lingekuwa lile la Menelik. Mfalme huyo wa Uhabeshi alikusanya bunduki miaka mingi kwa kununua na kwa kuwachezea Wazungu mmoja dhidi ya mwingine, na tarehe 1 Machi 1896 huko Adwa alilishinda jeshi la Italia kabisa. Wazulu nao waliwashinda Waingereza huko Isandlwana tarehe 22 Januari 1879, na silaha yao kubwa ilikuwa mkuki. Lakini katika mwaka ule ule wa 1879 Waingereza walirudi, na Wazulu wakashindwa. Mkuki uliweza kushinda pigano moja. Kushinda vita vizima ni jambo jingine.

Rwabugiri hakujua kwamba mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza walikwisha kugawana nchi za pande hizi kwenye karatasi, na Rwanda ikahesabiwa fungu la Mjerumani. Mjerumani wa kwanza kumfikia alikuja baada ya miaka minne. Mwezi wa Mei 1894 Count von Götzen, aliyetoka pwani ya Tanganyika na msafara mkubwa wa wapagazi na askari wenye bunduki, alivuka mto Kagera, akapita nchi yote, akamkuta Mwami Kageyo. Mkutano ulikuwa wa mashaka kwa pande zote mbili, lakini damu haikumwagika. Kisha msafara ukaja huku kwetu Bugoyi, Götzen akapanda mlima wa moto Nyiragongo, akaliona Ziwa Kivu, akaendelea kuelekea Kongo. Mtu yule baadaye alikuwa gavana wa koloni lote la Wajerumani, na vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905 ni yeye aliyekuwa Dar es Salaam.

Mwami aliacha mgeni apite, akarudia kazi aliyoizoea. Mwezi wa Septemba 1895 alikuwa safarini tena kuipiga Bushi, ile nchi iliyomshinda, na huko upande wa ziwa akafa ghafula. Mwili wake ulirudishwa na wale wale aliokuwa amewaongoza kwenda.

Alikuwa amejaribu kupanga mambo yatakavyokuwa. Tangu mwaka 1889 alikwisha kumtawaza mwanawe Rutarindwa awe mfalme pamoja naye, kwa jina la Mibambwe. Mama yake Rutarindwa alikuwa amekufa, kwa hiyo Rwabugiri alimchagulia mke wake mwingine, Kanjogera, awe umugabekazi. Naye Kanjogera alikuwa na mtoto wake mwenyewe wa kiume, na ndugu zake walikuwa wakuu wa ukoo wenye nguvu. Yaani mfalme aliyepoteza mama kwa fitina za baraza alimwachia mwanawe mama wa kupewa, katikati ya baraza lile lile. Sijaelewa jambo hili mpaka leo. Alexander alipokufa Babylon mwaka 323 kabla ya Kristo, majemadari wake waligawana dola kama nyama. Lakini yeye alikufa kijana wa miaka 32 bila kutengeneza lolote. Rwabugiri alikuwa na muda.

Katika mwezi wa Julai 1896 watu wa Dola la Kongo la Mfalme wa Ubelgiji walikuwa wamejenga kituo Shangi, kusini ya Ziwa Kivu. Rutarindwa alituma jeshi liwaondoe, na mmoja wa wakuu wake alikuwa Bisangwa, mkuu wa Ingangurarugo. Walikwenda kama walivyofundishwa, kwa mbio, kwa kujitapa, ngao mbele. Bunduki ziliwakata wakiwa mbali, kabla mkuki haujaweza kumfikia mtu. Bisangwa alikufa pale, na waliobaki wakarudi nyuma.

Tuangalie hasara yenyewe ilikuwa nini. Bisangwa aliinuliwa na Rwabugiri tu, kwa hiyo alimtii Rwabugiri, na baada yake alimtii mwana ambaye Rwabugiri alimchagua. Wakuu wa namna hiyo walipopungua, Rutarindwa alibaki na watu ambao koo zao zilikuwa na kisasi cha kumdai baba yake. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule, mlimani Rucunshu, ndugu za Kanjogera, Kabare na Ruhinankiko, walimshambulia. Wanyarwanda walipigana wao kwa wao, majeshi yaliyoimba pamoja safarini. Rutarindwa alipoona ameshindwa alikufa ndani ya nyumba iliyowaka moto, pamoja na jamaa zake. Mtoto wa Kanjogera akatawazwa kwa jina la Yuhi Musinga. Huko Roma mwaka 193 askari wa ulinzi walimwua mfalme wao, wakauza kiti kwa mnada kwa tajiri mmoja, Didius Julianus. Lakini Roma ilikuwa na majeshi mengine mipakani ambayo yalirudi na kutengeneza mambo. Huku hapakuwa na mwingine wa kurudi. Mwezi wa Machi 1897 Kapteni Ramsay wa Wajerumani alifika kwa Musinga na bendera na barua ya ulinzi, naye akapokewa vizuri, kwa sababu waliokwisha kunyang'anya enzi walihitaji rafiki mwenye bunduki.

Huku ziwani habari za kifo cha Mwami zilifika upesi. Watu wake waliokaa Ijwi hawakudumu. Mihigo, mwana mwingine wa Kabego, alirudi kutoka ng'ambo alikokimbilia, akashika ufalme wa baba yake. Kisiwa kilichogharimu mitumbwi, vijana na miaka yote ile kikarudi kwa wenyewe bila vita kubwa. Na mwaka 1910 Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza walipokubaliana mipaka, mstari ulipita majini upande wa huku, Ijwi ikawekwa Kongo, ambako iko mpaka leo.